Leseni pekee haimtoshi dereva avukaye mpaka

Dereva anayetoka Chakol kuelekea Tororo hahitaji kibali cha kimataifa cha udereva, kwa kuwa leseni halali ya Kenya hutambuliwa nchini Uganda. Hata hivyo, bima ya kawaida ya gari la Kenya hukomea mpakani, Busia au Malaba.

Gari likimgonga mtu ng'ambo bila bima inayotambulika huko, mzigo wa fidia na matibabu humwangukia mwenye gari. Kinga yake ni Kadi ya Njano ya COMESA, iliyoanza kutumika mwaka 1987. Kampuni za bima huitoa kama nyongeza ya bima ya nyumbani.

Aidha, dereva hutakiwa kubeba kitambulisho au pasipoti, hati ya umiliki wa gari, na barua ya idhini iwapo gari si lake. Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) hutoa kibali cha muda cha gari, ambacho tarehe yake haifai kupita.

Kibali cha kimataifa, kinachotolewa nchini na AA Kenya, hufaa safari za mbali zaidi. Nacho ni tafsiri tu ya leseni. Hakitumiki pasipo leseni yenyewe.