Sanduku Lililotoka Leicester



Siku chache baada ya Idi ya Mfungo Tatu ya mwaka jana, hamali wawili walisimama mlangoni petu hapa Kibokoni wakitweta, na kati yao sanduku la mbao ambalo kwa udogo wake halikustahili kuwatoa jasho lile. Lilitoka Leicester, Uingereza, kwa kaka yangu mkubwa, aliyehamia huko ujanani akafanya kazi ya kukereza chuma viwandani mpaka alipostaafu. Mama watoto alikwisha kutengeneza nafasi kabatini, akidhani ni nguo na vyombo. Tulipong'oa misumari tukakuta vipande vya chuma cha kusubu, vya kijivu na vizito, ngozi yake ingali na makwaruzo ya mchanga wa kalibu, kila kimoja kimeviringishwa gazeti kuukuu. Chini kabisa palikuwa na bahasha ya michoro na barua fupi. Kaka aliandika kwamba alivinunua vyuma vile zamani akitumaini kuvimaliza mwaka ule ule. Sasa macho hayamruhusu tena. "Mwanao amesomea mitambo," akasema. "Akiweza, amalize. Asipoweza, aviuze kwa kilo."

Mwanangu wa tatu alikuwa amemaliza chuo cha ufundi miaka miwili kabla ya hapo. Tangu siku hiyo alikuwa akizunguka mjini na vyeti vyake, na bahasha ilikuwa imechakaa kabla vyeti havijapata mtu wa kuvisoma. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilikuwa nimeanza kumtazama kwa jicho la mtu anayehesabu sahani mezani.

Yapasa nieleze kwanza kitu chenyewe. Wazee wetu waliiita cherehe ile mashine ya jiwe la kunolea linalozunguka. Cherehe ya kawaida, yenye mota katikati na mawe mawili pembeni, mafundi wengi wanayo. Humfaa mtu wa patasi na shoka, kwa kuwa mkono wake ndio unaoongoza. Lakini biti ya kutobolea chuma, au kisu chenye meno cha mashine ya kuchongea, hakitosheki na mkono. Biti ina midomo miwili, na midomo hiyo sharti iwe na urefu mmoja na mwinamo mmoja. Mdomo mmoja ukizidi, biti hutembea upande na kutoboa tundu pana kuliko jina lake. Ndiyo maana karakana nyingi hununua biti, huzitumia mpaka zikawa butu, kisha huzitupa kwenye debe. Tupa haiwezi kuzigusa, kwani chuma chake ni kigumu sawa na tupa yenyewe au zaidi.

Mashine iliyokuwa sandukuni ni ya kunolea vitu vya namna hiyo. Aliyeibuni ni Profesa Dennis Chaddock wa Loughborough, ambaye katika miaka ya 1970 alieleza ujenzi wake hatua kwa hatua katika jarida la Model Engineer, akaipa jina la kijiji alichokaa, Quorn, kisicho mbali na huko aliko kaka yangu. Nia yake ilikuwa mtu wa kawaida mwenye mashine ndogo ya kukerezea aweze kujijengea nyumbani. Mnunuzi hupewa vyuma vya kusubu na michoro. Tundu, nyuzi, nyuso zilizonyooka, yote hayo ni juu yake. Haishangazi kwamba vyuma hivi vimelala chini ya meza nyingi kule Uingereza vikisubiri wenyewe, kama vilivyolala vya kaka.

Kijana alitandika michoro sakafuni siku tatu. Siku ya nne akaja na hesabu: fito za chuma, beringi, puli, mkanda, mota, mawe, na kodi ya mashine ya kukerezea, ambayo mafundi huiita leithi, katika karakana moja ya Shimanzi ambako mwenyewe alikubali kumwachia baada ya alasiri kwa malipo ya saa. Jumla ilikuwa shilingi 38,000. Fedha hizo tulikuwa nazo, lakini zilikuwa za bati la uani, linalovuja kila masika. Nilisita. Mamake hakusita. Alisema maji ya mvua tumeyazoea, na kijana aliyekaa bure hatutaki kumzoea.

Mwili wa mashine ni vipande viwili vya mwisho vilivyounganishwa kwa fito mbili za chuma za mviringo, zilizo sambamba. Juu ya fito hukaa upande mmoja kichwa cha jiwe na upande mwingine kichwa kinachoshika kifaa kinachonolewa, na hiki cha pili hugeuka kulia na kushoto, huinama na huzunguka, kila pembe ikisomwa kwa alama zake. Fito zisipokuwa sambamba barabara, vichwa hugoma kuteleza na kazi yote imeharibika. Kwa hiyo vipande viwili vya mwisho hufungwa pamoja vikatobolewa kwa mpigo mmoja, ili umbali wa tundu kwa tundu usitofautiane.

Hapo ndipo tulipojikwaa. Michoro ni ya inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Ufito wa inchi ulionyooka na kusuguliwa hatukuupata mjini. Tulipata wa milimita 25. Kijana alikubaliana na nafsi yake kuwa atatoboa kwa kipimo cha ufito alionao, akaandika kwa penseli pembeni mwa mchoro. Lakini jioni ile alifika karakana amechelewa, saa alizolipia zinakwenda, akaufuata mchoro na kuisahau penseli. Matundu yalitoka ya inchi kamili. Ufito ulipoingizwa ukacheza. Milimita 0.4, unene wa karatasi nne hivi, nayo ilitosha kuifanya mashine ya usahihi iwe mfano wa meno ya mzee.

Alirudi nyumbani baada ya Isha, akaniambia bila kuficha. Nami nikasema neno ambalo sikupaswa kulisema: kwamba hata chuma cha bure kimemshinda. Hakujibu. Alivifunika vyuma kwa gunia, na kwa muda wa siku tisa hakuna aliyelifunua. Chumvi ya hewa yetu haingoji watu wapatane. Siku ya tano niliinua pembe ya gunia nikaona wekundu umeanza kupanda juu ya nyuso alizozinyoosha kwa jasho. Nikachukua kitambaa na mafuta ya cherehani nikavipangusa, nikaendelea hivyo kila asubuhi nikidhani haonekani anayefanya.

Siku ya kumi, baada ya sala ya alfajiri, nilimkuta ameketi barazani. Nilimwambia, "Mwanangu, niliyoyasema usiku ule ni makosa, nami nakuomba radhi." Si rahisi kwa mzee wa mila zetu, tena anayesomesha watoto wa watu, kuyatamka hayo mbele ya mwanawe. Akainamisha kichwa, akasema, "Baba, nilijua ni wewe unayevipaka mafuta. Lakini mafuta ya cherehani ni mepesi mno." Tukacheka. Asubuhi hiyohiyo akaniomba nimshikie tepu.

Dawa yenyewe ilikuwa ndogo kuliko maradhi. Aliyapanua matundu zaidi, vipande vikiwa vimefungwa pamoja kama mwanzo, akakereza bushi za chuma zenye tundu la milimita 25 ndani, akazipasua ubavuni ili bolti ikikazwa ziweze kuubana ufito, akazisukuma mahali pake. Ufito uliingia kwa nguvu ya kiganja, ukateleza bila kutikisika. Tangu hapo kila kipimo alichokibadilisha alikiandika kwa kalamu nyekundu juu ya mchoro wenyewe, wala si pembeni.

Sitawachosha kwa habari ya vipini. Mashine hii ina mikono mingi ya kukazia, na kila mmoja umekusudiwa kukerezwa kwa umbo la tufe. Kijana alikereza mpaka akaniambia anaota gololi. Nguzo ya kichwa cha jiwe ilikuwa kazi ya kupendeza zaidi: imechongwa mfuo unaozunguka kama njia ya ngazi za mnara, na ukizungusha, kichwa hupanda au hushuka polepole sana. Kuchonga mfuo ule kulichukua jioni nne.

Sasa nije kwenye jiwe, kwani ndilo linaloweza kuua. Jiwe dogo la kipenyo cha milimita 75 likizunguka mara 5,000 kwa dakika, ukingo wake hukimbia karibu mita 20 kila sekunde, mwendo wa gari kwenye barabara ya Malindi. Likivunjika katika mwendo huo, vipande havichagui jicho la nani. Ndiyo maana kila jiwe huandikwa mwendo ambao halipaswi kuuvuka, na mtu hupima puli zake kwanza ndipo alifunge. Mota yetu huzunguka mara 2,850 hivi kwa dakika. Kijana alichagua puli mbili ambazo zingeufikisha mwendo huo kwenye 5,000 na zisiuzidi, kisha akanifanya nami nikokotoe upya, peke yangu, tuone kama tutakutana. Tulikutana.

Tulikuwa na mawe matatu: mawili tuliyoyanunua, na moja la umbo la kisahani lililokuja sandukuni. Jiwe hujaribiwa likiwa kavu, kwa kulining'iniza katika ncha ya kidole au kijiti na kuligonga taratibu kwa mpini wa mbao. Zima hulia sauti safi. Lenye ufa huitika kwa sauti iliyozibwa. Kijana aligonga uani huku cherehe ya jirani inalia na watoto wanacheza kichochoroni. Akasema yote sawa. Mimi nilikuwa ndani na kitabu mkononi. Nimeketi miaka zaidi ya thelathini nikisikiliza watoto wakisoma, na kazi yangu yote ni kusikia herufi iliyotoka mahali pasipo pake. Nikamwita nikamwambia, "La tatu, ligonge tena." Akaligonga. Lilijibu kama mtungi ambao bibi zetu wangeurudisha sokoni. Tulilipeleka chini ya kurunzi tukalizungusha. Ufa ulikuwepo, mwembamba kama unywele, unaanzia tundu la katikati. Huenda lilipigwa njiani. Alilivunja kwa nyundo papo hapo, ili asije mtu mwingine akalikuta rafuni akaliamini.

Mambo mengine ya jiwe nitayataja kwa haraka kwa wenye cherehe za aina yoyote majumbani. Kati ya jiwe na sahani zinazolibana huwekwa duara za karatasi, na nati hukazwa kiasi, haihitaji hasira. Kinga ya jiwe haiondolewi. Mota ikiwashwa, simama ubavuni na uliache lizunguke dakika nzima kabla ya kuligusa. Miwani, na kitambaa cha pua, maana vumbi lake ni baya kwa mapafu. Nasi tuliifunga mashine katika chumba cha uani chenye dirisha pana, mbali na vyakula. Na nguo. Siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza nilifika na kanzu yangu nyeupe, mikono mipana, nikitaka kushuhudia kwa heshima. Kijana alinizuia mlangoni. "Baba, kwa kanzu hiyo huingii. Mkanda haujui shekhe." Nikarudi kuvaa fulana. Hakuna aliyenirudisha namna hiyo tangu nilipokuwa mwanafunzi.

Biti ya kwanza ilikuwa ya milimita 10, ya seremala wa jirani ambaye alikwisha kuitupa. Tulitoboa nayo bamba la chuma kabla ya kuinoa: ilipiga kelele, ikafuka moshi, na tundu lilipopimwa kwa vernia lilikuwa milimita 10.6. Kisha kijana akaifunga katika kichwa chake, akaweka digrii 59 kwa kila mdomo, ambazo zikijumlishwa ni 118, pembe ya kawaida ya ncha ya biti. Alikula kidogo upande mmoja, akageuza nusu mzunguko, akala sawasawa upande wa pili. Cheche zilikuwa chache kuliko nilivyotarajia. Aliponipa niitazame, midomo yote miwili iling'aa bila doa la buluu. Doa hilo kwenye patasi au kisu cha chuma cha kawaida ni ishara kwamba moto umekula ugumu wake. Biti za leo huvumilia zaidi, lakini hata hivyo alipenda kwenda taratibu. Tundu la pili lilitoka milimita 10.1, na mabaki ya chuma yakajikunja marefu kutoka pande zote mbili.

Seremala yule alileta nyingine saba, kisha akaja na mwenzake. Leo wateja si wengi, lakini Jumatatu na Alhamisi huwa na debe dogo mlangoni. Wapo anaowarudisha: biti zenye ncha ya kabidi zinataka jiwe la namna nyingine, na jiwe hilo bado hatuna fedha zake. Bati la uani nalo bado linavuja. Tumesogeza mashine hatua mbili na kuifunika turubai. Picha yake tulimpelekea kaka, naye hakuandika neno. Alituma swali moja tu, tumetumia mafuta gani juu ya fito.

Mama watoto alikuwa wa kwanza kudai haki yake. Alipita uani ameshika kisu cha jikoni na mbuzi ya kukunia nazi, akaviweka juu ya meza kama mtu aliyekuja kukusanya deni. Kijana akavitazama, akamweleza kwa adabu kwamba mashine ile si ya visu, na meno ya mbuzi yanataka tupa ndogo ya pembe tatu. Mamake akaniangalia mimi. Nikachukua kinoo kilichoachwa na babangu, bakuli la maji, na kisu, nikaenda kuketi kizingitini.