Pangi: mtoto mwenye vipele asingojeshwe jibu la maabara

Agosti 14, 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox, ambayo wengi wetu tunaiita ndui ya nyani, kuwa dharura ya afya ya dunia nzima. Kesho yake yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za vijijini nchini Kongo: Kole, jimboni Sankuru, na Tunda, wilaya ya Kibombo, jimboni Maniema. Wagonjwa 597, watoto kwa watu wazima, walilazwa. Wengine walipewa dawa ya tecovirimat, ambayo madaktari wengi duniani walikuwa wameiwekea matumaini, na wengine walipewa vidonge visivyo na dawa, bila yeyote kujua nani kapata nini. Dawa ilishindwa: vidonda vya walioimeza havikupona mapema kuliko vya wenzao. Habari ikaandikwa hivyo, kwamba jaribio limeshindwa, na dunia ikaendelea na mjadala wa chanjo. Lakini ndani ya matokeo hayohayo kulikuwa na jambo zito kuliko dawa yenyewe. Katika makundi yote mawili waliofariki walikuwa asilimia 1.7, wakati miongoni mwa wagonjwa wote walioripotiwa nchini vifo vilikuwa asilimia 3.6 na zaidi. Walichopata wote, wenye dawa na wasio na dawa, ni kitanda, chakula, maji, usafi wa vidonda na muuguzi aliyewatazama kila siku. Ninadai hapa kwamba kwa wilaya kama Pangi hilo ndilo tokeo kubwa, na kwamba mipango yote ya kupambana na magonjwa ya vipele huko ingepaswa kuanzia hapo.

Pangi iko mashariki ya Kindu, mji mkuu wa Maniema, katika msitu unaopitiwa na mto Elila ukielekea Lualaba. Ni nchi ya Walega, na tangu enzi za Wabelgiji ni nchi ya machimbo: bati Kalima, dhahabu Kampene. Machimbo huita watu, na watu hutembea na magonjwa yao. Upande wa mashariki Pangi inapakana na Shabunda, na ng'ambo ya Shabunda iko Mwenga, wilaya yenye mji wa dhahabu wa Kamituga, ambako katika mlipuko ulioanza mwaka 2023 watafiti waligundua tawi jipya la kirusi cha mpox lililokuwa likienea kati ya watu wazima, hasa kwa kujamiiana. Upande wa magharibi, kuelekea Kibombo na Sankuru, kuna tawi la zamani, lile la msituni, ambalo hutoka kwa wanyama, huingia nyumbani na kuwapata zaidi watoto. Muuguzi wa Pangi yuko kati ya pande hizo mbili. Anaweza kumpokea mchimbaji kijana mwenye vidonda sehemu za siri, na saa hiyohiyo akampokea mtoto wa miaka mitatu mwenye malengelenge mwili mzima. Ni ugonjwa mmoja kwa jina, ila hatari yake si moja: huyo mdogo ndiye anayekaribia zaidi kifo.

Muuguzi anaona nini hasa? Kirusi kikishaingia mwilini hupita wiki moja au mbili kabla ya dalili. Huanza homa, kichwa kuuma, mgongo kuuma, uchovu, kisha tezi huvimba shingoni, kwapani au kinenani. Siku chache baadaye hutokea vipele usoni, halafu mikononi na miguuni, hadi kwenye viganja na nyayo. Vipele vya sehemu moja ya mwili hupiga hatua pamoja: huwa vijidoa, kisha vinanyanyuka, vinajaa maji, vinajaa usaha, vinakauka na kudondosha magamba, na safari hiyo yote huchukua wiki mbili hadi nne. Tetekuwanga haifanyi hivyo. Vipele vyake hupenda kifua na mgongo kuliko viganja, na huja kwa mafungu, ukaona kibichi na kikavu papo kwa papo; tezi nazo hazivimbi sana. Surua ina sura yake: kikohozi, mafua, macho mekundu, kisha ukurutu unaoshuka kutoka nyuma ya masikio bila kujaa maji. Ukisoma hivi kitabuni unadhani kutofautisha ni rahisi. Kitandani si rahisi. Mtoto mwenye utapiamlo, aliyekwisha kujikuna na kupakwa dawa za majani, hafanani na picha ya kitabu. Katika jimbo la Tshuapa watafiti walikuta takriban mtu mmoja kati ya kila kumi waliopimwa ana mpox na tetekuwanga kwa wakati mmoja. Hata mgonjwa wa kwanza wa kibinadamu kutambuliwa duniani, mtoto wa miezi 9 wa Basankusu mwaka 1970, alidhaniwa kuwa na ndui ya kawaida. Kukosea jina la ugonjwa huu ni jambo la tangu siku ya kwanza, na lisihesabiwe kuwa aibu ya muuguzi wa kijijini.

Yafaa kueleza pia kwa nini watoto. Ndui ilipotangazwa kuwa imetokomezwa, Mei 1980, chanjo yake ilikuwa ikisitishwa kote. Chanjo ile iliwakinga watu na ndui, na kwa sehemu kubwa iliwakinga na mpox pia. Kati ya 1981 na 1986 uchunguzi wa karibu nchini Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ulipata wagonjwa 338. Walikufa 33, na wote walikuwa watoto ambao hawakuwahi kuchanjwa. Miaka ishirini baadaye, huko Sankuru, ugonjwa ulikuwa umeongezeka takriban mara ishirini. Leo kila aliyezaliwa baada ya 1980 hana kinga ile, maana yake ni karibu kila mtu utakayekutana naye njiani Kalima. Watu wazima wenye afya nzuri kwa kawaida hupona. Mtoto mdogo hana akiba mwilini ya kumvusha wiki tatu za homa na vidonda.

Na mtoto huyo huuliwa na nini? Swali hili halipewi uzito wake, na jibu lake ndilo msingi wa hoja yangu. Kirusi chenyewe huweza kuua, lakini mara nyingi kifo hupitia milango inayojulikana. Vidonda vya mdomoni na kooni humfanya akatae kunywa, maji yakamwishia mwilini. Ngozi iliyochubuka huingiwa na bakteria, usaha ukapita kwenye damu. Nimonia hufuata. Malaria, ambayo Maniema haina msimu wa kupumzika, humkuta tayari amechoka na kumpunguzia damu. Jicho lenye kidonda likiachwa, kioo chake hupata kovu, na hata akipona anabaki kipofu. Kila mlango kati ya hiyo una kufuli lake, na makufuli hayo si ya ajabu: maji yenye chumvi na sukari kwa kijiko, dripu akishindwa kumeza, parasetamoli, kipimo cha malaria na dawa yake, antibiotiki kidonda kikitoa usaha, vitamini A, marhamu ya macho, uji wenye nguvu. Surua inatufundisha hilohilo. Mlipuko ulioanza 2018 uliua nchini Kongo zaidi ya watu 7,000, wengi wao watoto, wakati Ebola ya miaka hiyohiyo, iliyopewa kamera na ndege za misaada, iliua 2,287. Dozi mbili za vitamini A kwa mtoto mwenye surua hupunguza hatari ya kifo na ya upofu, na bei yake ni ndogo mno. Watoto wengi hawakuipata, au waliipata wamechelewa.

Atasimama mtu anayejua takwimu aseme: kulinganisha asilimia 1.7 na 3.6 si haki. Waliofia nyumbani kabla ya kufika Tunda hawakuhesabiwa katika utafiti, na wagonjwa waliokuwa hoi kupita kiasi huenda hawakuingizwa. Pingamizi hilo ni la kweli na silipuuzi. Tofauti hiyo si kipimo kamili cha nguvu ya uuguzi. Ila ushahidi huo hauko peke yake. Kati ya Machi 2007 na Julai 2011 hospitali ya Kole iliwalaza wagonjwa 216 wa mpox, wakati ambapo hapakuwa na dawa yoyote ya kirusi hicho pale. Walikufa watatu. Ni mahali pa mbali, barabara mbovu kama za Pangi, na watu maskini kama wa Pangi. (Kole pia ilionyesha uchungu mwingine usiosemwa sana: kati ya wajawazito watano waliolazwa na ugonjwa huu, wanne walipoteza mimba zao. Mjamzito mwenye vipele hana muda wa kusubiri.) Ushahidi wa sehemu mbili, kwa miaka tofauti, ukielekea upande mmoja, na ukikubaliana na tunachokijua juu ya jinsi watoto wanavyokufa, unatosha kuanzia kazi. Atakayesema hautoshi atuonyeshe hasara ya kumnywesha mtoto maji mapema.

Wapo wanaosema kitangulie kipimo, kwa sababu bila maabara hatujui pa kupeleka chanjo wala nani wa kutengwa. Maabara ninaitaka Pangi kama wanavyoitaka wao. Sampuli kutoka vijiji vya Maniema zimezoea kusafiri hadi maabara za INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, Kinshasa au Goma, kwa pikipiki, kwa mtumbwi, kisha kwa ndege, na tangu vita vilipoufikia mji wa Goma Januari 2025 njia hiyo imekuwa ngumu zaidi. Mwaka 2024 chini ya nusu ya wagonjwa walioshukiwa nchini ndio waliopimwa. Kipimo kinamsaidia mpangaji aliyeko Kindu na Kinshasa kujua ugonjwa unaelekea wapi. Mtoto aliye kitandani kinamsaidia kidogo sana, kwa kuwa iwe mpox, iwe tetekuwanga kali, iwe surua, anachohitaji saa hiyo ni karibu kilekile, na kumweka mbali na watoto wengine ni sahihi kwa magonjwa yote matatu. Ichukuliwe sampuli, iandikwe, itumwe. Lakini huduma ianze kabla ya jibu. Kosa ninalolipinga ni la kumrudisha mama nyumbani aambiwe asubiri matokeo yatakayokuja mtoto ameshapona au ameshazikwa.

Kuhusu chanjo nitasema machache. Ilianza kutolewa nchini Oktoba 5, 2024, huko Goma, na kwa muda mrefu ilielekezwa kwa watu wazima walio hatarini. Ile ya Kijapani inayofaa watoto ina masharti yake ya sindano na baridi. Iendelee, ifike na Kampene. Kuhusu nyama ya porini, wanaotaka ipigwe marufuku waeleze kwanza familia ya msituni itapata wapi mboga. Kirusi kiliwahi kupatikana katika kindi mgonjwa wa Zaire mwaka 1985, na panya na makindi wa msituni wanashukiwa kuliko nyani aliyeupa ugonjwa jina. Kuwakataza watoto wasiokote wanyama waliokufa, na kuipika nyama mpaka iive, ni ushauri unaoweza kufuatwa. Marufuku itawafanya watu wafiche wanachokula, na watakaofuata kufichwa ni wagonjwa.

Pingamizi lililo gumu kuliko yote ni la pesa. Tunda na Kole zilikuwa na utafiti nyuma yao: mgonjwa alilazwa angalau siku 14, akalishwa, hakulipa. Katika kituo cha afya cha kawaida cha Kongo familia hulipa kutoka mfukoni, ndugu huleta chakula, na wauguzi wengi hawapati mshahara wa serikali; huishi kwa posho na ada za wagonjwa. Kwa hiyo, nitaambiwa, kinachoitwa huduma ya kawaida si cha kawaida Pangi. Nakubali kabisa, na ndiyo sababu ya kuandika. Pingamizi hili halivunji hoja, linaonyesha pengo liko wapi. Tumejua sasa kwamba dawa iliyosubiriwa haikufanya kazi katika ugonjwa huu, na kilichobaki mkononi ni vitu vinavyonunulika. Mlipuko ukitangazwa, fedha huja na magari, semina na fulana, na kituo hubaki bila sabuni. Msaada wa Marekani ulipokatwa mwanzoni mwa 2025 hata kidogo kilichokuwapo kilipungua. Basi kidogo kilichosalia kipangwe kwa mpangilio unaookoa: kwanza ada ya kulazwa ifutwe kwa kila mtoto mwenye homa na vipele, kwa jina lolote la ugonjwa, chakula cha mgonjwa kiwe dawa inayoandikwa kwenye bajeti, muuguzi wa wodi ya kutengea alipwe kila mwezi kama anavyolipwa mtafiti.

Serikali ya jimbo mjini Kindu na wafadhili wake wanaweza kuanza na zoni za afya za Pangi, Kalima na Kampene, kwa mwaka mmoja, wahesabu vifo kabla na baada, na wayachapishe matokeo hata yakiwaumbua. Nawe mzazi wa huko, usisubiri jina la ugonjwa. Mtoto akiwa na homa na vipele, mtenge na wenzake, usimchanje chale wala kumtumbua malengelenge, mnyweshe kidogokidogo mchana na usiku. Na siku atakapokataa kunywa, au jicho likawa jekundu, au pumzi ikaenda mbio, mpeleke kituoni siku hiyohiyo.