Kidole Kipi Kianze?

Mwanafunzi wa gitaa la klasiki akikwama katikati ya wimbo, macho yake hukimbilia mkono wa kushoto. Huko ndiko anakoiona kazi: vidole vinabana nyuzi, vinatanuka, vinahama. Anarudia palepale mara nyingi na bado anakwama. Mara nyingi tatizo liko mkono wa kulia. Nota ileile jana aliipiga kwa kidole cha shahada, leo kaipiga kwa cha kati, na kesho itategemea bahati. Mkono usiojua zamu ya vidole vyake hauna cha kukumbuka.

Vitabu vya gitaa huvipa vidole vya mkono wa kulia herufi zilizotoka Kihispania: p ni gumba, i cha shahada, m cha kati, a cha pete. Kidole cha mwisho hutumika kwa nadra sana. Wachapishaji wengi, hata hivyo, huweka herufi hizo hapa na pale tu, na kwingine kote mwanafunzi huachiwa aamue mwenyewe.

Aamue kwa kufuata nini? Kwanza, kwa umbo la mkono wenyewe. Mkono wa kulia ukiwa juu ya nyuzi, kidole cha shahada huwa upande wa nyuzi nene na cha kati huwa upande wa nyuzi nyembamba. Kwa hiyo, sauti ikipanda kutoka uzi mmoja kwenda wa jirani yake, ni rahisi i ipige uzi wa nyuma na m ipokee uzi wa mbele. Zamu ikigeuka, kidole cha shahada hulazimika kukiruka cha kati, na mkono mzima unapinda.

Mfano upo katika skeli ya C ambayo wanafunzi wengi huanza nayo. Do iko uzi wa tano; re, mi na fa ziko uzi wa nne; so na la uzi wa tatu; ti na do ya juu uzi wa pili. Akianza kwa i na kupokezana i na m hadi mwisho, atapinda mkono mara mbili: anapoingia so, na tena anapoingia ti. Akianza kwa m, atapinda mara moja, anapoingia re. Lakini do ya kwanza akiipiga kwa gumba, kisha re akaianza kwa i, basi so itaangukia m, na ti vilevile. Hakuna pa kupinda. Nota ni zilezile nane. Kilichobadilika ni kidole kimoja mwanzoni, na skeli nzima inatiririka kama maji.

Hesabu hii ndogo ndiyo inayostahili kufanywa kabla wimbo haujaingia mkononi. Kidole kikishazoea njia mbaya, kukirekebisha huchukua muda mrefu kuliko kukifundisha vizuri tangu mwanzo.

Mpiga gitaa Mwitaliano, Mauro Giuliani, alilijua hilo. Mwaka 1812, huko Vienna, alitoa mazoezi 120 ya mkono wa kulia, yote yakizunguka kodi mbili tu, yaani mafungu mawili ya nota, C na G7. Mkono wa kushoto ulipunguziwa kazi makusudi ili akili yote ibaki kulia. Fernando Sor, Mhispania aliyechapisha kitabu chake cha mafunzo Paris mwaka 1830, alishika njia nyingine: alitegemea zaidi gumba, cha shahada na cha kati, na kidole cha pete alikitumia kwa uangalifu.

Uangalifu wa Sor una msingi. Nyuma ya kiganja, kano za kidole cha pete zimeungana na za jirani zake, ndiyo maana ni vigumu kukiinua peke yake. Na bado muziki hukitwika mzigo mkubwa. Katika ule wimbo maarufu uitwao Romance, ambao wanafunzi wengi hutamani kuupiga, mpangilio ni a, m, i, huku gumba likishika besi. Sauti inayoimba iko uzi wa kwanza, yaani kwa kidole cha pete. Asipokipa uzito wake, msikilizaji husikia mlio wa vidole vya ndani na wimbo unapotea. Wengi hukipigisha a kwa apoyando, yaani kikishapiga uzi wake kinatua kwenye uzi unaofuata, na sauti hutoka nene zaidi.

Recuerdos de la Alhambra, wa Francisco Tárrega, unadai zaidi. Gumba hupiga nota moja, kisha a, m na i hupiga uzi mmoja mfululizo, kwa usawa ule unaomfanya msikilizaji adhani kuna magitaa mawili. Kidole kimoja kikichelewa kidogo tu, mfululizo huo, uitwao tremolo, unachechemea.

Katanga nako, huko Kongo, mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, ambaye wimbo wake Masanga ulirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, alipiga kwa gumba na kidole cha shahada tu. Hakuwa mpigaji wa klasiki, lakini yeyote anayemsikiliza kwa makini atasikia zamu isiyoyumba: besi kwa gumba, sauti za juu kwa kidole cha shahada.

Kwa anayeanza wimbo mpya, kazi ya siku ya kwanza ni penseli. Aandike herufi kila uzi unapobadilika, kisha aache mkono wa kushoto upumzike na apige mpangilio huo kwenye nyuzi tupu, polepole, hadi vidole vifuate zamu bila kuulizwa. Herufi zilizochapishwa si amri, kwa kuwa mhariri aliziweka kwa mkono wake, na mikono haifanani urefu wala nguvu. Akiona nyingine inamfaa, afute na aandike yake, mradi asibadilishe tena kila siku.