Kabla ya Kununua Nyumba, Ikaguliwe na Mtaalamu



Katika miaka ya karibuni sharika kadhaa zimefika ofisini kwetu na wazo la kununua nyumba iliyokwisha kujengwa badala ya kuanza ujenzi mpya. Baadhi zinatafuta nyumba ya mchungaji au mwinjilisti, nyingine zinatafuta jengo la chekechea au zahanati. Wazo hili ni zuri kwa kuwa linaokoa muda. Lakini tumejifunza, tena kwa uchungu, kwamba ubora wa nyumba haujulikani kwa kuitazama tu kwa nje.

Usharika mmoja ulinunua nyumba ya vyumba vinne mwezi wa Agosti ili iwe chekechea. Fedha zilitokana na mnada wa mazao, michango ya akina mama na msaada wa marafiki wa nje. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya na kamati ilifurahi. Masika yalipofika, nyufa zilitokea kwenye pembe za madirisha, mlango wa nyuma ukakataa kufunga na sakafu ya chumba kimoja ikatitia. Mhandisi tuliyempeleka alitueleza kuwa nyumba ilijengwa juu ya udongo mweusi wa mbuga, tena kwa msingi usio na kina cha kutosha. Nyufa zilikuwepo tangu zamani, ila zilizibwa kwa lipu. Watoto hawakuingia humo hata siku moja.

Sisi wa ofisi ya miradi tuna sehemu yetu ya lawama. Tulipitisha maombi ya fedha bila kuuliza kama jengo limekaguliwa. Tangu wakati huo hatupitishi ombi la kununua jengo bila taarifa ya ukaguzi, na makala hii inaeleza sababu na taratibu zake.

Ukaguzi wa nyumba ni nini?

Ni kazi ya mtaalamu kulipitia jengo lote, kuanzia ardhi lilipojengwa hadi paa, na kumwandikia mnunuzi taarifa ya mambo aliyoyaona: kipi ni kizima, kipi kinahitaji matengenezo na kipi ni hatari. Marekani na Uingereza, wanakotoka baadhi ya marafiki wanaochangia miradi yetu, ni jambo la kawaida mnunuzi kumwajiri mtaalamu wa aina hii kabla ya kukamilisha ununuzi. Kwa hiyo wanapotuuliza kuhusu taarifa ya ukaguzi, tusidhani kwamba hawatuamini. Wanauliza kile ambacho wangeuliza kwa nyumba zao wenyewe.

Nani anafaa kukagua?

Hapa Tanzania mtu wa kumwendea ni mhandisi ujenzi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ijulikanayo kwa kifupi kama ERB. Kamati imwombe namba yake ya usajili na kuithibitisha kwa Bodi. Taarifa yake iwe ya maandishi, yenye saini na muhuri.

Tusichanganye kazi za watu. Mthamini hukadiria thamani ya nyumba sokoni. Hapimi uimara wa kenchi wala nyaya za umeme. Dalali hulipwa nyumba ikiuzwa, kwa hiyo si mshauri wa mnunuzi. Fundi mwashi wa usharika ni msaada mkubwa na aende pamoja na mhandisi, lakini neno lake peke yake halitoshi. Mkaguzi aajiriwe na kulipwa na mnunuzi, asiwe ndugu wala mtu wa muuzaji.

Mambo yanayokaguliwa

1. Mahali nyumba ilipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Kwa barabara kuu na za mikoa, eneo la hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Nyumba yenye alama ya X ukutani, au iliyofutwa alama hiyo kwa rangi, iulizwe kwanza kwa wakala wa barabara au halmashauri.

2. Msingi na kuta. Udongo wa mbuga huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na nyumba hupanda na kushuka pamoja nao. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu kwa kawaida si tishio. Ufa unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha, unaotokea hadi upande wa pili wa ukuta, au wenye upana unaozidi milimita 5, mara nyingi ni dalili kwamba msingi unatembea. Chumvichumvi nyeupe na lipu inayobanduka karibu na sakafu huonyesha unyevu unaopanda kutoka ardhini.

3. Paa. Mkaguzi lazima apande darini. Bisibisi ikizama kwa urahisi kwenye kenchi, mbao hiyo imeoza au imeliwa na wadudu. Majengo mengi ya zamani, hasa ya taasisi, yameezekwa kwa mabati ya asbesto. Vumbi lake likivutwa huleta magonjwa ya mapafu, ikiwemo saratani. Yasikatwe wala kuvunjwa na mtu asiye na ujuzi huo, na gharama ya kuyaondoa kwa usalama ihesabiwe kabla ya kupatana bei.

4. Umeme. Nyaya zilizochakaa, soketi zenye alama za kuungua na kukosekana kwa waya wa ethi ni hatari ya moto na ya vifo. Kazi hii ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA.

5. Maji na choo. Fungulieni mabomba yote kwa wakati mmoja, kisha angalieni chemba na shimo la maji taka. Kama kuna kisima, maji yapimwe maabara. Sehemu nyingi za Arusha na Kilimanjaro zina maji yenye floridi nyingi, inayodhuru meno na mifupa ya watoto.

Mkaguzi ana mipaka yake. Habomoi ukuta wala hafukui msingi wote, kwa hiyo hawezi kutoa hakikisho la kila kitu. Akiwa na shaka, atashauri vipimo zaidi, kwa mfano kuchimba shimo dogo kando ya msingi, au kupima zege kwa nyundo maalumu. Inafaa pia kuiona nyumba mara baada ya mvua kubwa, na kuwauliza majirani maji hufika wapi.

Hatari si ya fedha peke yake

Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo na kuua watu waliokuwa kwenye biashara zao. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliharibu maelfu ya nyumba. Nyumba iliyopasuka siku ile inaweza leo kupigwa lipu na kuuzwa kwa mtu asiyejua. Jengo la usharika huingiza watoto, wagonjwa na wazee. Wao hawana nafasi ya kukagua.

Hatua tunazozishauri

Kwanza, hakikini umiliki. Ombeni upekuzi rasmi wa hati katika ofisi ya msajili wa hati, au thibitisheni kwa serikali ya kijiji pale penye ardhi ya kijiji. Kumbukeni kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya nyumba ya familia kuuzwa.

Pili, mkitoa arbuni, mkataba utamke wazi kwamba itarudishwa endapo ukaguzi utaonyesha kasoro kubwa.

Tatu, wekeni gharama ya ukaguzi kwenye bajeti tangu mwanzo. Hupatanwa kulingana na ukubwa wa jengo na umbali wa safari, na wafadhili wetu wamekubali kuichangia.

Nne, taarifa isomwe mbele ya Baraza la Wazee, si kwa mwenyekiti peke yake. Kasoro ndogo zitumike kupunguza bei. Kasoro kubwa ziwape ujasiri wa kuondoka, hata kama nyumba imewapendeza na muuzaji anaharakisha.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mnunuzi tunaongeza: ufa uliozibwa na mwingine, ulizeni kwanza ulitoka wapi. Kamati yoyote inayofikiria kununua jengo inakaribishwa ofisini kwetu kabla ya kutoa shilingi ya kwanza. Tutaisaidia kumpata mhandisi na kuisoma pamoja taarifa yake.