Jenereta ya Akiba

Tuchukue mfano wa kituo kimoja cha afya. Kina kompyuta tatu. Ndani yake zimo kumbukumbu za wagonjwa na hesabu ya dawa. Kina pia jokofu la chanjo. Siku ya kliniki umeme unakatika. Mhudumu anakimbilia jenereta. Anavuta kamba mara kumi, haiwaki. Akina mama wanangoja na watoto mgongoni.

Jenereta ile ni mpya. Lakini haikuwashwa tangu iliponunuliwa. Petroli imekaa ndani mwaka mzima. Petroli ikikaa muda mrefu huharibika, na huacha utando unaonata ambao huziba kabureta. Basi fedha za wananchi zimelala bure.

Kuchagua

Kabla ya kununua, tufanye hesabu. Kila chombo cha umeme kina kibao kinachoonyesha wati zake. Tuseme kituo chetu kina vyombo hivi:

Kompyuta 3, wati 150 kila moja: wati 450
Taa 6, wati 10 kila moja: wati 60
Jokofu 1: wati 150
Jumla: wati 660

Lakini jokofu linapoanza kazi huvuta umeme mwingi zaidi kwa muda mfupi. Tukikadiria mara nne, litahitaji wati 600 badala ya 150. Jumla inakuwa wati 1,110. Tuongeze robo yake kama akiba. Tunapata karibu wati 1,400. Jenereta ya wati 2,000 inatosha.

Je, tukinunua ya wati 10,000? Hapana. Itakula mafuta mengi bure. Na jenereta ya dizeli ikizoea kufanya kazi ndogo sana, hujaa masizi ndani.

Kwa kompyuta, aina inayoitwa inveta ni nzuri, kwa sababu umeme wake umetulia.

Jambo jingine. Umeme ukikatika, kompyuta huzimika papo hapo, kabla hujafika kwenye jenereta. Kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea. Kwa hiyo nunueni pia kisanduku cha betri kiitwacho UPS. Hicho huishikilia kompyuta kwa dakika chache mpaka jenereta iwake.

Kutunza

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Fanyeni haya:

1. Mchagueni mtu mmoja wa kuitunza jenereta, na mwingine wa kumsaidia.
2. Iwasheni kila mwezi kwa dakika 30, ikiwa imeunganishwa na vyombo vyake.
3. Pimeni oili kila mara kabla ya kuwasha. Mashine iwe imesimama mahali tambarare.
4. Badilisheni oili kwa wakati. Mashine nyingi ndogo za petroli hutaka oili mpya baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100 au kila miezi 6. Fuateni kitabu cha mashine yenu.
5. Safisheni chujio la hewa. Mahali penye vumbi, lisafishwe mara kwa mara.
6. Msiache petroli ikae miezi mingi. Itumieni, kisha mtie mpya.
7. Andikeni kila kitu katika daftari: tarehe, saa za kazi, mafuta na matengenezo.

Hatari

Moshi wa jenereta una hewa ya sumu. Hewa hiyo haionekani wala hainuki. Huua watu wakiwa wamelala. Usiwashe jenereta ndani ya nyumba, barazani, wala karibu na dirisha. Iweke nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye milango na madirisha. Isinyeshewe mvua.

Usitie mafuta mashine ikiwa ya moto. Izime, ingoje ipoe.

Usiiunganishe na nyaya za jengo bila swichi ya kubadilishia umeme. Bila swichi hiyo, umeme wako unaweza kurudi katika nguzo na kumuua fundi anayetengeneza njia. Kazi hiyo aifanye fundi wa umeme aliyesomea.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini jenereta mpya ya kituo ilikataa kuwaka?
2. Orodhesha vyombo vya umeme vya ofisi ya kijiji chenu au shule yenu. Vinahitaji wati ngapi?
3. Kama kijiji chenu kina jenereta, nani anaitunza? Iliwashwa lini mara ya mwisho?