Mafuta Hayatibu Magazini Mbovu

Kila kiangazi wawindaji wanaoniletea bunduki hapa Sumbawanga huniuliza jambo lilelile: wapake mafuta gani ili risasi zisikwame? Risasi haipakwi mafuta, ya aina yoyote. Cha kuuliza ni magazini ya bunduki yako ni ya namna gani, na hilo uliulize kabla hujatoa pesa.

Imani ya kupaka risasi mafuta imeota mizizi. Wengine hupaka alizeti ya jikoni, wengine oili chafu ya gari. Alizeti ikikaa inaganda na kunata kama utomvu. Oili chafu imejaa masizi na chembe za chuma. Zote mbili hudaka vumbi. Shuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa kuelekea Ziwa Rukwa mwezi Agosti, bunduki ikiwa nyuma ya gari, kisha fungua magazini: utakuta tope jekundu, springi inasukuma kwa shida, risasi imeinua pua nusu na kugota.

Ndani ya chemba ni hatari zaidi. Baruti ikilipuka, ganda la risasi hutanuka na kubana kuta za chemba, na mbano huo hupunguza msukumo unaorudi nyuma. Ganda lenye mafuta halishiki. Msukumo unaangukia bolti, na bolti iko mbele ya jicho lako. Nakasirika sana nikiona mtu mzima anamfundisha kijana jambo hili.

Risasi hukwama kwa sababu midomo ya magazini imepinda, springi imeliwa na kutu, au mwindaji hakuvuta bolti hadi mwisho. Mafuta hayanyooshi bati lililopinda. Futa magazini kwa kitambaa hadi ikauke, springi uiachie utando mwembamba tu wa mafuta ya bunduki. Utando huo huzuia kutu: chuma kilicholala kwenye baridi ya nyanda za juu za Ufipa, mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, kikifika kwenye joto la bondeni hutoka jasho, na kutu huanzia hapo.

Sasa uchaguzi. Kwa wengi, na hasa kwa wanaowinda nyati, chukua magazini isiyochomoka yenye kifuniko cha bawaba chini: huwezi kuidondosha porini. Isiyo na kifuniko ni imara na nyepesi, ila kutoa risasi zake ni kuzipitisha chembani moja moja. Ya kuchomoa inamfaa anayepanda na kushuka gari mara kwa mara. Nunua ya pili ya kiwanda kilekile, na usiitupetupe. Ya bomba hutaka risasi za pua bapa, kwa kuwa pua ya moja hugusa fataki ya iliyo mbele yake. Bunduki inayojipakia yenyewe usiifikirie: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kuwindia nayo.

Dukani, omba risasi bandia. Jaza magazini, vuta bolti taratibu, kisha kwa nguvu, kisha bunduki ikiwa imelala ubavu. Ikikwama, irudishe hapohapo.