Programu ya kubana mafaili: ipi ya bure iingie kwenye kompyuta ya nyumbani?

Fundi akishakuwekea Windows mpya, programu inayofuata kutoka kwenye flashi yake mara nyingi ni WinRAR, na mara nyingi ni ile iliyovunjwa kufuli la leseni. Mwenye kompyuta haulizi. Anachotaka ni kwamba mdogo wake aliye chuoni akimtumia mafaili yaliyofungwa pamoja, yafunguke. Miezi ikipita, kompyuta inakuwa nzito, matangazo yanachomoza yenyewe, na lawama zote anatupiwa mtoto aliyekuwa akicheza gemu.

Huenda mtoto hana kosa. Programu zilizovunjwa leseni ni moja ya njia zinazojulikana sana za kuingiza virusi, na kwenye kazi ya kubana mafaili hakuna hata sababu ya kujiingiza huko. Programu nzuri za kazi hii zinatolewa bure, kihalali, tena na watengenezaji wenyewe. Kinachotakiwa ni kujua ipi inakufaa na uichukue wapi.

Zinabanaje?

Programu hizi hutafuta marudio. Tuchukue methali "haba na haba hujaza kibaba". Ikifika kwenye "haba" ya pili, programu hailiandiki neno upya. Inaweka maelekezo mafupi tu: rudi nyuma nafasi 8, nakili herufi 4. Kisha inahesabu ni herufi zipi zimejaa. Kati ya herufi 22 za methali hiyo, 9 ni a. Basi a hupewa alama fupi, na zile zinazotokea mara moja tu, kama j na z, hupewa alama ndefu. Wakati wa kufungua, kila herufi hurudi mahali pake na hakuna kinachopotea.

Mbinu ya marudio ilichapishwa mwaka 1977 na Abraham Lempel na Jacob Ziv, maprofesa wa Technion mjini Haifa, Israeli. Ile ya alama fupi na ndefu ni ya mwaka 1952, ya David Huffman, aliyeibuni akiwa bado mwanafunzi wa MIT, Marekani. Mwaka 1989, Phil Katz wa Milwaukee alitoa programu ya PKZIP na kuweka wazi maelezo ya umbizo la ZIP ili yeyote aweze kulitumia. Baadaye akaziunganisha mbinu hizo mbili ndani yake. Uamuzi wake wa kutolifungia umbizo hilo ndio uliofanya ZIP ifunguke leo karibu kwenye kila kompyuta na simu.

Kwenye sentensi moja faida ni ndogo, lakini orodha ya maandishi matupu yenye maelfu ya mistari inaweza kushuka hadi chini ya robo ya ukubwa wake. Picha za JPEG, video za MP4 na nyimbo za MP3 ni habari nyingine: hizo zilishabanwa tangu zilipotengenezwa. Hata nyaraka za Word na Excel za siku hizi, zile za docx na xlsx, kwa ndani ni ZIP tayari. Ukibana folda ya picha za harusi yenye megabaiti 500, utapata ZIP ya karibu megabaiti 500 zilezile, hata ukibadilisha programu mara ngapi.

Kinachopatikana hapo ni mpangilio: picha zote zinasafiri kama faili moja, na WhatsApp haizipunguzii ubora kwa kuwa ZIP hutumwa kama waraka. Kama nia yako ni kuokoa bando kwenye video, unahitaji programu ya aina nyingine, kama HandBrake, nayo ni ya bure. Hiyo huipunguza video yenyewe, na ubora kidogo huenda nao.

Ulichonacho tayari

Kabla ya kupakua chochote, angalia kompyuta yako. Windows imekuwa ikitengeneza na kufungua ZIP yenyewe kwa zaidi ya miaka 20: bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kubana, basi. Tangu mwishoni mwa 2023, Windows 11 inafungua pia mafaili ya RAR na 7z. Kompyuta za Apple hufungua ZIP kwa kubofya mara mbili. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kupokea nyaraka za shule na kutuma vyeti, hapo pametosha.

Programu ya ziada inahitajika pale unapotumia Windows 10 na watu wanakutumia RAR, unapotaka kuweka neno la siri, au unapotaka kukata faili kubwa vipandevipande.

Tatu mezani

7-Zip ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Igor Pavlov wa Urusi aliitoa mwaka 1999, na ni programu huria: haina muda wa majaribio, haina matangazo, na unaruhusiwa kuitumia nyumbani hata ofisini bila kulipa. Faili lake la kusakinisha halifiki megabaiti 2. Inafungua RAR, inatengeneza ZIP, na ina umbizo lake la 7z ambalo kwa kawaida hubana zaidi kuliko ZIP. Ubaya wake ni sura: madirisha yake yamebaki kama ya miaka ya Windows XP.

Anayetaka sura ya kisasa anaweza kuchukua PeaZip, kazi ya Mwitalia Giorgio Tani. Nayo ni huria, inafungua aina zaidi ya 200 za mafaili, na ipo kwa Windows, Linux na Mac. Ni nzito kidogo kuliko 7-Zip, na wingi wa vitufe vyake unaweza kumchanganya mgeni.

WinRAR, ya Eugene Roshal, si ya bure. Unapewa siku 40 za majaribio. Zikiisha, inaendelea kufanya kazi huku ikikukumbusha kununua leseni. Mamilioni wamezoea kulifunga dirisha lile la ukumbusho na kuendelea na shughuli. Ni programu imara, lakini sababu kubwa ya kuihitaji ni kutengeneza faili la RAR, jambo ambalo mtu wa nyumbani halazimiki kulifanya.

Matundu na maneno ya siri

Ipo tabia moja ya programu hizi ambayo wengi hawaijui: 7-Zip na WinRAR hazijisasishi zenyewe. Februari 2019 kampuni ya Check Point ilitangaza tundu la kiusalama lililokaa ndani ya WinRAR kwa takriban miaka 19. Lingine lililokuwa likitumiwa na wahalifu lilizibwa katika toleo la 7.13, Julai 2025. 7-Zip nayo ilikuwa na lake, lililozibwa katika toleo la 24.09 mwishoni mwa 2024. Iwapo fundi alikuwekea toleo la 2017, matundu hayo bado yako wazi nyumbani kwako. Fungua menyu ya msaada, soma namba ya toleo, na kama ni la zamani sakinisha jipya juu yake.

Kwenye neno la siri, ZIP ya kawaida hutumia ulinzi wa kizamani, ambao Eli Biham na Paul Kocher walionyesha tangu 1994 jinsi unavyovunjwa. Ukitengeneza ZIP kwa 7-Zip, kwenye sehemu ya ulinzi badilisha uchague AES-256. Mpokeaji naye huenda akahitaji 7-Zip au PeaZip ili kulifungua faili hilo. Neno la siri lenyewe usiliandike kwenye ujumbe uleule unaobeba faili. Mpigie simu umtajie.

Hukumu yangu basi ni hii. Kama una Windows 11 na huhitaji neno la siri wala kukata faili vipandevipande, usisakinishe kitu. Wengine wa Windows wanaohitaji programu ya ziada wachukue 7-Zip kutoka 7-zip.org, na si kwenye tovuti yoyote yenye jina la kufanana nayo. Asiyependa sura yake achukue PeaZip. WinRAR iliyovunjwa leseni iondoe leo. Na chochote utakachokuwa nacho, mafaili ya kuwatumia wenzako yabane kwa ZIP, kwa sababu hujui mwenzako ana programu gani upande wa pili.